Njumu Zilizobaki

Oktoba ikigeuka, naingia ghalani na tochi.
Matairi manne yamelala, moja mgongoni mwa jingine,
kila moja na maneno ya chaki aliyoyaandika Oula:
mbele kulia. Nyuma kushoto.
Mwandiko wake ulikuwa mbaya hata juu ya mpira.

Nazihesabu njumu kwa kidole gumba.
Lilipotoka dukani, la mbele kushoto lilikuwa na mia na kumi;
leo nimepata sabini na nne, nikarudia, sabini na tatu.
Nyingine zimo njiani, kati ya Kaamanen na Karigasniemi,
ziling'oka mojamoja, kama meno ya mtu
anayekula mkate mkavu bila kulalamika.

Miaka kumi na tisa nabeba barua barabara hii.
Mwaka wa kwanza Sulevi wa gereji aliniambia:
kilomita mia tano za mwanzo, usikanyage breki kwa hasira,
usiondoke kwa pupa. Acha kila njumu ilale katika tundu lake.
Nilicheka. Siku zile niliendesha
kama mtu anayefukuzwa na deni.

Wageni wa kusini hulalamikia kelele.
Mimi naisoma.
Juu ya lami tupu, bisi kwenye sufuria kavu.
Juu ya theluji iliyoshindiliwa, mtafuno wa polepole.
Juu ya barafu ngumu, kalamu ya karani anayeandika upesi.
Lakini juu ya barafu iliyolowa, siku ya mvua ya Januari,
hazisemi kitu.
Kimya kingi kina mshindo mkuu,
na mshindo wenyewe, mwaka ule, ulikuwa uzio wa Magga:
mbao kumi na mbili, taa moja ya gari,
bili za umeme na kadi ya harusi zimetapakaa thelujini,
na kulungu wawili wakitazama kama mashahidi wa kulipwa.
Sikuumia popote ila jina.
Oula alikuja na trekta. Hakuuliza nilikuwa mwendo gani.
Usiku alinisomea kipimajoto kwa sauti, mara tatu.

Sijitetei. Njumu hizi zimechimba mifereji miwili katika lami,
na Aprili, theluji ikiisha, vumbi lake hupanda
hadi kwenye nguo zilizoanikwa, hadi kwenye vifua vya watoto.
Kila nilichokishika sana nimekikwaruza.
Mei, Aile binti wa Magga hupita kando ya barabara
akiburuta sumaku iliyofungwa uzi.
Chupa yake ya jamu imejaa njumu za watu.
Aliniuliza zipi zangu.
Nikachagua tatu, nikijifanya nazijua.

Sasa mpira una majira saba. Ukucha hauingii.
Sulevi anabonyeza, anatikisa kichwa:
"Tupa, Inkeri. Njumu kwenye mpira mgumu
ni msumari kwenye ubao."
Nilijua kabla hajasema. Machi, kwenye mteremko wa pili,
gari lilichelewa kunitii kwa pumzi moja,
nami nikanyamaza nalo, kama tunavyonyamaziana
na mtu tuliyezeeka naye.

Nimelipa. Manne mapya, meusi, yananuka duka.
Sulevi ameyabingirisha ya zamani kwenye rundo la nyuma,
chaki ikielekea juu, halafu chini, halafu juu.
Sikumwambia chochote. Nilitafuta funguo
ambazo zilikuwa mkononi.

Majira ya kuchipua yakifika nitaandika mwenyewe,
mbele kulia, nyuma kushoto,
kwa mwandiko unaosomeka.

Kilomita ya arobaini. Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Nyuma yangu dereva wa lori anawasha taa, anazima, anawasha.
Nampungia mkono apite.
Zinalala mahali pake.